Abu Zayd al-Balkhi: Mwanachuoni aliyeiandikia huzuni tiba yake

Ndugu msomaji, katika miji yetu msiba wa Muislamu una utaratibu ambao watu wanaujua hata bila kufundishwa. Maiti anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa mapema. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, masufuria makubwa yanaazimwa, na kwa siku tatu wafiwa hawaachwi peke yao. Siku ya nne turubai linashushwa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, na kila mtu anarejea kwenye shughuli zake. Hapo ndipo msiba wenyewe unapoanza kwa mjane, au kwa baba aliyemzika mwanawe.

Neno analobaki nalo mfiwa ni moja: subira. Ni neno kubwa katika dini yetu na wala hatulichezei. Lakini mara nyingi tunalitumia kumnyamazisha mtu, si kumsaidia. Ikipita miezi minane na mtu huyo bado hali vizuri, halali, hataki kufungua chumba cha marehemu na hataki kuonana na watu, basi zinatolewa hukumu mbili: ama imani yake ni dhaifu, ama ana jini. Anasomewa, ananyweshwa kombe, na asipopata nafuu wanasemezana pembeni kwamba hataki tu. Akithubutu kusema kwamba anafikiria kwenda kwa mshauri nasaha, ataambiwa hayo ni mambo ya Wazungu.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya leo niandike habari za mtu aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Muislamu, mtoto wa mwalimu wa watoto, ambaye aliandika kwa Kiarabu namna ya kumtibu mtu aliyezidiwa na huzuni kwa maneno na kwa fikra. Wasomi wa saikolojia ya Kiislamu wanamjua vizuri. Darasani kwangu, nikilitaja jina lake, mara nyingi ndiyo mara ya kwanza wanafunzi kulisikia. Al-Ghazali wanamjua, Ibn Sina wanamjua, huyu hawamjui.

Jina lake ni Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi. Alizaliwa mwaka 235 Hijria, sawa na 849 au 850 Miladia, katika kijiji kiitwacho Shamistiyan karibu na mji wa Balkh, ambao leo uko kaskazini mwa Afghanistan. Baba yake alitokea Sijistan na kazi yake ilikuwa kusomesha watoto, kama maustadhi wetu wa madrasa, na Abu Zayd mwenyewe aliishika kazi hiyo kwa muda. Tukumbuke kwamba Balkh ya wakati ule haikuwa kijiji cha milimani. Ulikuwa mji wa biashara na elimu, njia ya misafara ya kwenda India na China, wenye Waislamu wa madhehebu mbalimbali na mabaki ya watu wa dini za kale. Kijana aliyekulia pale alisikia hoja za kila aina tangu mdogo.

Alipopata umri wa kutafuta elimu aliondoka kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji kuelekea Iraq. Kwa miguu, kutoka Balkh mpaka Iraq! Alikaa huko miaka minane. Inasimuliwa kwamba alisoma kwa al-Kindi, yule anayeitwa mwanafalsafa wa Waarabu, ambaye naye aliandika risala juu ya namna ya kuziondoa huzuni. Kwa hiyo fikra kwamba huzuni ni jambo la kufanyiwa kazi, si la kuachiwa tu, haikumwangukia Abu Zayd kutoka mbinguni. Alikutana nayo Iraq akiwa kijana. Huko alisoma tiba, falsafa, falaki, fasihi na elimu za dini, akapita katika mitazamo kadhaa kabla ya kutulia. Walikuwapo baadaye waliomtuhumu katika dini yake, na walikuwapo waliomtetea kwamba amedhulumiwa na kwamba alikuwa mtu wa tawhidi safi. Waandishi wa zamani wanamsifu kwa ufasaha hata akaitwa Jahiz wa Khurasan, kwa kufananishwa na yule mwandishi mkubwa wa Basra.

Alirudi kwao. Jambo hili nalipenda, kwa sababu wasomi wengi wa zama zile waliokwishaionja Baghdad hawakurudi tena mikoani. Waliomwona wanamweleza kuwa ni mtu wa kimo cha kati, mwembamba, mwenye macho yaliyotokeza na uso wenye makovu ya ndui, mkimya, mwenye haiba. Aliandika makumi ya vitabu, vya Qur'ani, vya siasa, vya lugha, vya falaki, na vingi vimepotea.

Kitabu chake cha jiografia nacho kimepotea kwa namna alivyokiandika, lakini kazi yake ya ramani iliendelezwa na al-Istakhri na Ibn Hawqal, na mpaka leo wanahistoria wa ramani wanazungumzia shule ya Balkhi. Msomaji wa pwani atapenda kujua kwamba katika ramani za shule hiyo imo nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii, ikiwa imechorwa na watu waliokuwa mbali nayo kiasi kile.

Maisha yake ya utumishi yana mafunzo mengi, nami nitataja machache. Mtawala wa Balkh, ambaye kwa sadfa naye aliitwa Ahmad bin Sahl, alimtaka awe waziri wake. Abu Zayd alikataa. Akakubali kazi ndogo zaidi ya ukatibu, na uwazири akapewa rafiki yake Abu al-Qasim al-Ka'bi. Waziri alipangiwa dirham 1,000 na katibu dirham 500. Inasimuliwa kwamba Abu al-Qasim alimwagiza mtunza hazina apunguze dirham 100 katika fungu lake amuongezee rafiki yake. Ni mambo ya kuyaonea wivu, ukilinganisha na maofisi ya leo. Mtawala yule baadaye aliasi dhidi ya Wasamani, akashindwa, na akafia gerezani Bukhara mwaka 307 Hijria. Abu Zayd akabaki na shamba lake kijijini alikozaliwa.

Kabla ya hapo alikuwa amekwishapoteza wafadhili wengine wawili, na wote kwa sababu ya kalamu yake. Mmoja alikuwa mkuu aliyeelemea kwa Makarmati, akamkatia posho baada ya Abu Zayd kuandika kitabu dhidi ya wale wanaozigeuza maana za Qur'ani kwa tafsiri za batini. Mwingine alikuwa waziri al-Jayhani, aliyemnyima zawadi baada ya kuandika kitabu juu ya kuchinja na dhabihu. Hakufuta alichokiandika.

Lakini kisa chake kilicho mashuhuri zaidi ni cha mto. Amiri wa Khurasan alimwita aende Bukhara ili anufaike na rai yake. Abu Zayd akasafiri mpaka mto Jayhun, ambao leo unaitwa Amu Darya. Alipoyaona maji yale, upana wake na mawimbi yake, alisimama. Akamwandikia amiri kwamba kama ameitwa kwa sababu ya rai yake njema, basi rai hiyohiyo inamkataza kuuvuka mto huu. Amiri aliisoma barua akacheka, akamruhusu arudi Balkh. Mimi kisa hiki sikichukulii kama kichekesho tu. Mtu aliyeandika mlango mzima juu ya hofu alikuwa anaijua hofu kwa ndani, hakuona haya kuikiri mbele ya mtawala, na alijua kipimo cha nafsi yake. Tutaona kwamba kujua kipimo cha nafsi ni moja ya nguzo za tiba yake.

Kitabu chenyewe kinaitwa Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani Maslahi ya Miili na Nafsi. Sehemu ya kwanza, ambayo ni ndefu, inahusu mwili: hewa, maji, makazi, chakula, usingizi, mazoezi. Ya pili inahusu nafsi na ina milango minane. Kwa nini viwili hivi katika jalada moja? Kwa sababu Abu Zayd anaona mwanadamu ni mwili na nafsi vilivyosukwa pamoja. Mwili ukiumwa, akili inashindwa kufanya kazi yake. Nafsi ikiumwa, mtu anapoteza ladha ya chakula na mwili unadhoofika. Anaendelea kusema kwamba nafsi huumwa mara nyingi zaidi kuliko mwili. Mtu anaweza kuishi miaka asipatwe na baadhi ya maradhi ya mwili kabisa, lakini ghadhabu, huzuni na mashaka humgonga karibu kila siku. Pamoja na hayo, watu wanakimbilia matabibu kwa ajili ya mwili na hakuna anayeitafutia nafsi dawa, na matabibu wenyewe wanaliacha jambo hilo kana kwamba si kazi yao. Haya yameandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ndugu msomaji, wala hayajachuja.

Maradhi ya nafsi anayoyashughulikia ni manne makubwa: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Sisi tunalitaka hili la huzuni.

Abu Zayd anaanza kwa kutofautisha. Huzuni hutokana na kilichokwisha kutupotea, na hofu hutokana na kinachotarajiwa kuja. Kisha anatofautisha kati ya huzuni yenyewe na ile hali kali ya mwanzo ambayo Waarabu wanaiita jaza', kwa herufi ya ayn mwishoni, si jazaa tunayoijua sisi kwa maana ya malipo. Anaifananisha jaza' na moto unaowaka kwa ndimi kubwa, na huzuni ni makaa yanayobaki baada ya ndimi kuzimika. Yeyote aliyewahi kukaa na mfiwa anaujua mfano huu. Siku ya mazishi ni ndimi. Makaa yanakuja baadaye, na makaa hayaonekani kwa mbali. Sisi tumejipanga vizuri sana kuzima ndimi.

Tena anaigawa huzuni mafungu mawili kwa sababu zake. Ipo yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa na mpenzi, kupoteza mali au kukosa jambo mtu alilolitamani sana. Na ipo isiyo na sababu inayojulikana, ambayo mwenyewe haelewi imetoka wapi, lakini imemfunika hata hana uchangamfu wala hamu ya chochote. Hii ya pili aliinasibisha na mwili, kwa elimu ya wakati wake inayozungumzia ubaridi na uchafu wa damu, na akashauri itibiwe kwa dawa za mwili pamoja na mambo ya kumfurahisha mgonjwa. Suala la damu limepitwa na wakati, na hakuna haja ya kulitetea. Kilichobaki ni ule mgawanyo wenyewe: kwamba kuna huzuni ambayo asili yake ni mwili na inataka tabibu, na kuna huzuni ambayo asili yake ni tukio na inataka mazungumzo. Imamu anayemwambia kila mwenye huzuni asome nyiradi tu, na daktari anayempa kila mwenye huzuni vidonge tu, wote wawili hawakuufikia mgawanyo huu.

Sasa huzuni ya msiba inatibiwaje? Abu Zayd anasema tiba yake ina njia mbili, ya nje na ya ndani. Ya nje ni maneno anayopewa mtu na mwingine: nasaha za upole, ukumbusho, mazungumzo yenye hoja yanayoituliza nafsi. Ya ndani ni fikra ambazo mtu anazizalisha mwenyewe na kuzitumia kupambana na fikra zinazomuumiza. Kama joto linavyotibiwa kwa baridi, fikra inayochoma inatibiwa kwa kinyume chake.

Hapa analeta jambo ambalo mimi naliona ndiyo johari ya kitabu. Fikra hizo za ndani, anasema, zisisubiri msiba. Mtu azikusanye wakati nafsi yake imetulia, azihifadhi, kama mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua. Kwa sababu siku ya kishindo akili haina nafasi ya kutunga hoja, lakini inaweza kunyoosha mkono ikachukua kilichokwishawekwa.

Na ni fikra gani? Kwamba dunia hii haikuumbwa iwe mahali pa mtu kupata kila akipendacho na kubaki nacho. Kwamba wengine wengi wamefikwa na msiba kama huu au mkubwa zaidi, wakadhani hawatainuka, kisha wakainuka. Kwamba nafsi ya mtu ni kitu cha thamani mno kwake kuiangamiza kwa ajili ya kile kilichokwisha kuondoka. Kwamba kila mtu ana kipimo chake cha uvumilivu, na mwenye moyo mwepesi ajue udhaifu wake na asijitwike asichokiweza, wala asijilaumu kwa kutofanana na mwenye moyo mgumu. Na katika mlango wa wasiwasi anaonya dhidi ya upweke, kwa kuwa mtu akikaa peke yake fikra zake ndizo zinazomla.

Abu Zayd al-Balkhi alifariki mwaka 322 Hijria, yaani 934 Miladia, akiwa na takriban miaka 87 kwa hesabu ya Hijria. Mji wake ulibomolewa na Wamongolia mwaka 1220. Nakala ya mkono ya kitabu chake ilihifadhiwa katika maktaba ya Ayasofya, Istanbul. Mwaka 1984 mwanachuoni wa Kituruki Fuat Sezgin aliichapisha picha ya nakala hiyo huko Frankfurt, Ujerumani. Na mwaka 2013 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi, iliyofanywa na Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan ambaye tangu mwaka 1979 alikuwa amewaonya Waislamu wanaosoma saikolojia wasimeze kila wanachopewa na vyuo vya Magharibi. Badri alifariki mwaka 2021. Hakuwa mtu wa kuikumbatia Magharibi, na ndiye huyohuyo aliyetumia miaka yake ya uzee kutuambia kwamba tiba ya nafsi kwa mazungumzo ina mizizi kwetu.

Hapa lazima niseme jambo kwa Waislamu wenzangu. Tunapenda sana kusikia kwamba sisi tulikuwa wa kwanza. Tunaambiwa tiba inayoshughulika na fikra za mgonjwa, ambayo Wamarekani wanaihesabu kuanzia kwa daktari Aaron Beck katika miaka ya 1960, inafanana na alichoandika Balkhi, basi tunapiga takbira na kwenda nyumbani. Lakini mjane wa mtaa wa pili hafaidiki na takbira hiyo. Isitoshe, Balkhi aliacha maelezo ya kitabuni, na hawa wa leo wameyapima yao kwa wagonjwa. Hilo ni lao na tuwape haki yao.

Wamepima nini? Kwanza wamekubali, kama sisi, kwamba kumlilia marehemu si maradhi, na wafiwa walio wengi hurejea katika maisha bila ya tabibu. Lakini wapo wachache ambao makaa hayazimiki. Orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imeitambua hali hiyo kuwa ni maradhi: huzuni kali ya kufiwa inayoendelea zaidi ya miezi sita, kupita kiasi cha mila na dini ya mtu huyo, na inayomzuia kuishi. Waganga wa akili wa Marekani nao wakaitambua mwaka huohuo, wao kwa muda wa mwaka mmoja kwa mtu mzima. Angalia kwamba mila na dini zimetajwa katika kipimo chenyewe. Eda ya mjane ya miezi minne na siku kumi si ugonjwa kwa kipimo chochote.

Kwa hao wachache, Katherine Shear na wenzake, ambaye baadaye aliongoza kituo cha tiba ya majonzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wametengeneza tiba ya vikao takriban 16. Mfiwa anasimulia kifo kilivyotokea, tena na tena, mpaka kisa kipungue makali. Anasaidiwa kurudi hatua kwa hatua mahali anapopakwepa, kile chumba, ile njia ya hospitali. Anapanga upya malengo ya maisha yake. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2005, asilimia 51 ya waliopewa tiba hiyo walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 28 ya waliopewa tiba nyingine ya mazungumzo. Si muujiza, nusu hawakupona kwa muda ule. Imo pia hatua ya kuzungumza na marehemu kwa kufikiria. Muislamu anaweza kuwa na shaka nayo, na mshauri Muislamu mwenye elimu anaweza kuona kwamba dua kwa marehemu na sadaka kwa niaba yake zinaijaza nafasi hiyo kwa namna inayokubalika kwetu. Hayo ndiyo mambo ambayo masheikh na wataalamu wangekaa pamoja wakayazungumza, badala ya kila upande kumtuhumu mwenzake.

Watafiti wawili wa chuo cha Utrecht, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa mzima wa afya hupita huku na huku: mara anaukabili msiba, mara anauweka kando anashughulikia maisha, kisha anarudi. Nilipokisoma kitu hiki nilikumbuka sheria yetu. Siku tatu za maombolezo kwa jamaa, kisha rudi kazini. Mjane ana eda yenye mwanzo na mwisho. Majirani wanapika, wafiwa wanakula, kama Mtume (s.a.w.) alivyoagiza watu wa Ja'far wapikiwe baada ya vita vya Mu'ta. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa wafiwa, kwa kuwa alisikia kwa Mtume kwamba unautuliza moyo. Balkhi, aliyeweka chakula na huzuni katika jalada moja, hakutoka nje ya njia hiyo.

Na wale wanaosema machozi ni udhaifu wa imani, Nabii Yaqub (a.s.) alipoteza nuru ya macho kwa huzuni ya mwanawe na hakuvuliwa utume. Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi mbele ya maswahaba akiwa amempakata mwanawe Ibrahim anayekata roho. Katika wanachuoni wote ninaowajua hakuna aliyesema kwamba imani yao ilipungua.

Tatizo letu la pili ni hofu ya neno akili. Mtu akiambiwa aende kitengo cha magonjwa ya akili Muhimbili, familia inafikiria Mirembe na minyororo. Tena hao wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu. Lakini si lazima kila kitu kifanywe na daktari. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa kwetu, Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wakikutana na watoto kwa vikundi kwa wiki 12, na walezi, ambao ni watu wazima na wengi wao wafiwa pia, wakiwa na vikundi vyao. Katika maeneo matatu kati ya manne watoto waliopata tiba hiyo waliendelea vizuri kuliko wenzao mara baada ya vikao kwisha. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Kwa hiyo inawezekana kufanywa na watu kama wale wanaojaa katika darsa zetu za kina mama kila Alkhamisi, ingawa kazi inataka mafunzo na si moyo mzuri peke yake.

Misikiti yetu mingi mjini ina kamati ya mazishi, na wallahi zinafanya kazi kubwa, usiku na mchana, bila ya malipo. Juzi nililiona daftari la mojawapo. Lina safu ya jina la marehemu, safu ya sanda, safu ya usafiri wa makaburini, safu ya aliyechangia na kiasi chake. Safu ya jina la mjane au mzazi aliyebaki, namba yake ya simu, na tarehe ya kwenda kumjulia hali baada ya mwezi na baada ya miezi sita, haimo. Nilimwonyesha katibu ukingo wa ukurasa uliokuwa mtupu. Akasema nafasi ipo, ila itabidi wajumbe wakae waamue nani atakwenda.